Jino la Shaba

Ilishuka kwenye meli ya Nansio
imevikwa magunia mawili ya saruji,
mkono wake mrefu umechomoza nje
kama wa mgonjwa anayeomba maji.
Kijana aliyeileta, Mafuru, alitaka ipimwe
pamoja na sufuria zilizotoboka na rimu ya baiskeli:
chuma chakavu, kilo kwa kilo.
Nikamlipa kwa kilo. Ishirini na tatu na nusu.
Dhambi yangu naiandika mapema.

Kibandani kwangu Makoroboi,
wagonga bati wakigonga kushoto na kulia,
niliilaza mezani, nikainywesha mafuta ya taa.
Kutu haichapwi. Kutu hubembelezwa.

Siku ya tatu nikaanza kuichuna rangi.
Juu kabisa kijani, ile ya milango ya shule;
chini yake bluu ya mashua;
chini ya bluu, kijivu kisichojieleza;
na chini ya yote weusi unaong'aa,
una mstari wa dhahabu, mwembamba kama unywele,
unapinda, unataka kuwa herufi,
halafu unakatika.

Kila aliyepita alikuwa na jina mfukoni.
"Mjerumani huyo," alisema Nkwabi wa gereji,
"tazama unene wa shingo."
Parmar, ambaye baba yake alishona viatu
mtaa wa Rwagasore, aliizungusha gurudumu mara moja,
akatikisa kichwa: "Yetu ilikuwa na sauti nyingine."
Spana ya milimita ikazunguka bure kwenye nati.
Ya inchi ikauma.
Basi si Mjerumani,
au ni Mjerumani aliyebadilishwa nati.

Namba ipo, chini ya tumbo. Tarakimu sita,
ya tano imeliwa. Nilipaka chaki, nikapangusa,
nikaweka karatasi, nikasugua kwa penseli:
tatu asubuhi,
nane jioni.

Mguu wa kukanyagia ngozi ulipokubali kugeuka
uligeuka pande zote, kama shingo ya bundi.
Ndani ya mkono, bobini imelala
katika kijichuma chenye umbo la mtumbwi,
na ndani ya mtumbwi, uzi wa nyavu.
Nani alishona kiatu kwa uzi wa sangara?
Nilivuta. Haukukatika.

Ndipo nikafungua kifuniko cha gia.
Meno yote ya chuma, isipokuwa moja:
shaba ya njano, limechongwa kutoka kwenye kufuli,
nusu ya neno la kufuli bado iko ubavuni.
Nikaleta taa.
Mikwaruzo ya tupa ya sisi wengine hulalia huku.
Hii imelalia kule.

Mashoto.

Fundi Bugingo, uliyenipiga kofi la vidole
kwa kusukuma tupa kama msumeno,
uliyepotea miaka minne, ukarudi ukisema
"nilikuwa kisiwani,"
kama mtu anayesema alikuwa na homa,
kumbe ulikuwa humu,
umeinama juu ya jino moja
mpaka likae.
Mazishini kwako nilishika beleshi, sikulia.
Nimelia juu ya grisi, Jumanne, saa tano,
mteja amesimama na zipu yake mkononi.

Mafuru alirudi, nikamwongezea fedha
kabla hajauliza.
"Kwani ni ya kiwanda gani?"
Sijui.
"Ya mwaka gani?"
Tatu au nane.
Alinitazama kama mtu anayehesabu upya chenji.

Nimeijaribu kwa kipande cha ngozi ya sangara
kilichokaushwa Igombe, kigumu, chenye vishimo vya magamba.
Inashona. Kila baada ya mishono kumi na moja
inasita kidogo, jino la shaba likipita,
na mshono huo unatoka mfupi kuliko wenzake.
Ningeweza kuurekebisha.
Tupa ninayo. Hata kufuli ninalo.
Nimefunika kifuniko cha gia,
nimekaza skrubu mbili kati ya tatu,
ile ya tatu imepotelea mahali fulani chini ya meza.